Sampuli Iliyotwangwa Kinuni

Mtoto anayeachwa na mama yake ili mama aende kutafuta kitu cha kumfaa, akikua hukumbuka nini: kwamba alitafutiwa, au kwamba aliachwa? Nimefundisha wanafunzi wengi, nimeandika kuhusu mizizi, mbegu na namna ua linavyofunguka, na sasa mvi zinanianza. Swali hilo bado sijalijibu. Lilinijia mara ya kwanza nikiwa nimechuchumaa uani kwetu Ipagala, mjini Dodoma, mbele ya kinu, nikitazama unga wa kijani ambao siku mbili kabla yake ulikuwa ndiyo kazi yangu ya miaka mitatu.

Inanibidi nieleze unga ule ulitokana na nini.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya uzamivu katika elimu ya mimea, nikiwa na binti wa miezi saba. Mmea niliouchagua ni mdogo, wa jamii ya kunde, unaotambaa chini ya vichaka kwenye miteremko ya upande wa Mpwapwa. Juu ya ardhi hauna cha kujivunia: majani matatu matatu na shina jembamba kama uzi wa kushonea gunia. Chini ya ardhi una kiazi. Katika maandishi ya wataalamu ulijulikana kwa karatasi moja tu, iliyobandikwa mmea mkavu tangu enzi ya Wajerumani. Karatasi hiyo imehifadhiwa ng'ambo. Mimi niliiona kwa picha. Aliyeukusanya mmea alikuwa mtu wa kituo cha serikali yao. Aliandika, kwa mwandiko wa kulala, mahali, aina ya udongo na mwezi. Mbele ya neno la rangi ya ua aliweka alama ya kuuliza. Ua lenyewe halikuwapo. Ama alifika likiwa limekwisha, ama lilipukutika safarini.

Alama ile ndiyo iliyonikamata. Mtu yule alikuwa na bunduki, wapagazi na dola nzima nyuma yake, na bado ua la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo lilimponyoka. Mimi nilikuwa na nauli ya basi na kisu cha jikoni, nikajiona ninaweza.

Bila ua, mmea wa jamii ile hauwezi kuwekwa kwa uhakika kwenye nafasi yake kati ya mimea mingine. Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa amenieleza bila kuzunguka: misimu miwili imepita bila ua, huu ni wa tatu na wa mwisho, nikikosa tena nibadilishe mada na kuanza upya. Alikuwa mtu mwema na alisema kwa wema. Lakini nilijua, kama ninavyojua leo, kwamba kwangu mimi kuanza upya nikiwa na mtoto anayenyonya kungekuwa jina lingine la kuacha.

Mmea huo huchanua kwa siku chache baada ya mvua za kwanza. Kila ua hufunguka alfajiri, na kabla ya saa nne asubuhi limejikunja na kugeuka rangi ya chai iliyopoa. Anayetoka Dodoma mjini kwa basi la asubuhi, kisha pikipiki, kisha miguu, hufika huko saa sita. Ndivyo nilivyofika mimi wiki ile ya mvua. Niliukuta una maua matatu, yote yamekwisha kujikunja. Hata hivyo nilipiga magoti. Kwa kadiri nilivyojua, hakuna mtaalamu, hata yule Mjerumani, aliyewahi kuliandika ua lake, hata lililonyauka. Nilikata shina moja lenye maua na machipukizi, nikalilaza katikati ya magazeti, nikakaza mikanda ya mbao za kukaushia, nikageuza njia. Umbo la ua ningelirudisha kwa maji ya moto na darubini. Rangi ningeiachia alama ya kuuliza ileile, nikubali aibu ndogo.

Sikuweza kulala huko ili nilione alfajiri. Binti yangu hakuwa amewahi kulala usiku hata mmoja bila titi, na homa ilikuwa imemtoka siku chache tu zilizopita. Daktari alikataza asipelekwe kwenye baridi wala mvua. Mume wangu alifanya kazi kwenye bwawa la Mtera na kurudi mwisho wa mwezi. Aliyekuja kunisaidia ni mama yake, mama mkwe wangu, mwanamke mrefu, mwepesi wa miguu na wa ulimi, ambaye alikuwa amekulia kwenye miteremko hiyohiyo ya Mpwapwa. Miaka mitatu nilizunguka nyuma ya nyumba za nduguze nikiutafuta mmea, wala sikuwahi kumuuliza lolote. Nilimuuliza kuhusu homa, kuhusu uji, kuhusu meno ya mtoto. Mimea niliihesabu kuwa ya kwangu. Naandika hivyo kwa aibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Zile mbao niliziegemeza ukutani stoo, jirani na ndoo ya unga. Siku ya pili nilirudi kutoka chuoni mchana, nikamkuta amekaa kwenye kigoda uani, mtoto amelala kwenye mkeka, kinu kiko mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umewahi. Mke mwenzangu huyu amekula uji vijiko vitatu, cha nne amenitemea usoni. Amekuiga wewe."

Niliingia stoo. Mbao zilikuwa wazi, mikanda imeviringwa vizuri kama mtu anavyoviringa kamba ya kisima.

"Mama, kulikuwa na magazeti yamebanwa hapa."

"Ee, nilitaka kukuambia. Mwanangu, kusoma umesoma, lakini mboga hujui kukausha. Mboga unaifungia gizani, kwenye magazeti, umeikaza na mikanda kama umekamata mwizi! Ingevunda ile. Nimeianika juu ya ungo, jua la jana na la leo limetosha, nimeitwanga. Imetoka kidogo tu, lakini usinune, nitaichanganya na mlenda wangu."

"Na magazeti?"

"Magazeti nimewashia jiko."

Kwetu katikati ya nchi, jani linalookotwa baada ya mvua halina safari nyingine. Huanikwa, hutwangwa, huwekwa kwenye kibuyu au ndoo, na miezi ya ukame huokoa ugali usiliwe mtupu. Mwanamke yeyote wa rika lake angefanya alilofanya yeye, na angelifanya kwa upendo. Nilichuchumaa mbele ya kinu. Ule unga ulikuwa mzuri, laini, wa kijani kilichoelekea kijivu. Nilitafuta kwa macho chochote kinachofanana na petali. Nadhani nilicheka kwanza. Kisha nikalia, kwa namna ambayo mtoto aliamka na kuanza kulia pamoja nami.

"Ehe! Kwa mboga kiganja kimoja?" mama mkwe alisema, akimchukua mtoto. "Kesho nitakuchumia kapu."

"Haikuwa mboga, mama. Ilikuwa kazi yangu."

"Kazi gani inayokaa kwenye magazeti?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa hasira, kama mtu anayejieleza mbele ya hakimu: karatasi ya ng'ambo, Mjerumani, alama ya kuuliza, misimu mitatu, msimamizi. Alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni. Nilipofika kwenye kiazi alinikatiza.

"Ina kiazi chini?"

"Ina. Kama kidole gumba."

Alinyosha mkono, akabana unga kidogo kwa vidole viwili, akauweka kwenye ncha ya ulimi. Nilimwona akitafuta ladha kama mtu anavyotafuta jina la mtu aliyemwona zamani. Halafu akaacha kuonja. Akataja neno moja kwa Kigogo, polepole, na papo hapo akafumba mdomo kwa kiganja. Aliniomba baadaye nisiliandike neno lile mahali popote, maana nyumbani kwao hawakulitaja katika mwaka wa mavuno, wasije wakaiita njaa. Na mpaka leo sijaliandika.

"Nimeonja hii mara moja tu," alisema. "Mama yangu alinionjesha nikiwa mdogo. Aliniambia, ijue ladha yake, kisha omba usiile tena."

Na hapo, uani, mchana kweupe, akanisimulia jambo ambalo yeye alilisikia kwa mama yake.

Ilikuwa mwisho wa utawala wa Wajerumani, vita vikiwa vimefika. Bibi yake mama mkwe alikuwa mwanamke kijana katika nyumba moja ya tembe kwenye miteremko ile. Askari walikuja mara ya kwanza wakachukua ng'ombe. Walikuja mara ya pili wakachukua mtama na uwele, wakipiga kuta kwa vitako vya bunduki kusikiliza kama kuna ghala lililofichwa. Mara ya tatu walichukua wanaume kubeba mizigo ya vita, na mume wa bibi alikuwa mmoja wao, hakurudi. Kisha mvua ikakosa. Bibi alikuwa na binti aliyeanza tu kutembea, ambaye alinyonya titi lisilo na kitu. Siku moja alimkabidhi kwa wifi yake, akangoja mtoto asinzie mchana, akatoka. Alikaa siku tatu mlimani.

"Peke yake?" niliuliza.

"Na wanawake wengine wanne. Walikuwa wanatafuta hiyo yako ya magazeti. Kiangazi haina jani, wewe unajua. Walikuwa wanapapasa chini ya vichaka kutafuta uzi mkavu, wakiupata wanaufuata mpaka unapoingia ardhini, wanachimba. Sasa sikiliza. Ukishachimba, kile kichwa cha kiazi, pale uzi unapotokea, hukili. Unakikata, unakirudisha shimoni, unakikanyaga hivi." Alisimama na mtoto mikononi, akakanyaga udongo wa uani kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu. "Mwanamke mmoja hakurudisha kichwa, alikuwa na haraka. Wenzake walimwambia, kesho usije na sisi."

Bibi alirudi siku ya tatu na mfuko wa ngozi wenye viazi. Alitafuna, akamtia mtoto mdomoni. Mtoto huyo aliishi. Alikuwa mama wa mama mkwe wangu, na kwa hiyo bibi wa mume wangu, na damu yake ilikuwa hapo uani ikinivuta kanga kwa vidole vyenye uji.

Macho yangu yalibaki kwenye kile kisigino. Misimu miwili nilikuwa nimechora ramani ya kila mmea mmoja mmoja niliouona, na ramani ile ilikuwa imenishinda. Mimea haikutawanyika kama inavyotawanyika mimea mingine ya jamii yake. Ilikaa vikundi vikundi, kila kikundi na nafasi ya hatua chache kati ya mmea na mmea, kisha pengo refu, kisha kikundi kingine, na vyote vikifuata mstari mmoja unaopanda mteremko kwa upande wa mashariki. Nilipima udongo. Nilipima kivuli. Nilihesabu vichuguu. Hakuna kilichoeleza mstari ule.

Niliingia ndani nikaleta ramani, nikaitandika kwenye mkeka. Mama mkwe hakuwa amesoma ramani maishani mwake. Aliinama juu yake, akauliza, "Hapa ni korongo?"

"Ndiyo."

"Na hapa pana mwamba mpana, unatuama maji juu?"

"Upo. Nimeuchora hapa."

"Basi walipandia huku." Kidole chake kilifuata nukta zangu kutoka chini hadi juu, bila kuacha hata moja. "Upande wa pili ilikuwa njia ya askari, wangeonekana."

Sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kuhisi kitu kama nilichohisi wakati kidole kile kinapita juu ya kazi yangu. Nilidhani ninachunguza mmea wa mwituni. Kumbe huenda nilikuwa natembea, siku baada ya siku, ndani ya shamba lililopandwa kwa visigino na wanawake watano wenye njaa, waliofikiria mwaka ambao hawakuwa na hakika ya kuuona. Mjerumani wa karatasi aliona mmea. Mimi niliona nukta. Wao walikuwa wamekwisha kujua kiazi hukua vipi, kichwa chake kina uhai gani, na kiasi gani mtu achukue ili kesho pawe na kitu. Mtaalamu hana budi kusema "huenda", nami nalisema. Kuna mambo mengi yanayoweza kupanga mimea mstari. Lakini vinyweleo vya mikono yangu vilikuwa vimesimama, na havikungoja ushahidi.

Jua lilipoanza kupungua tulirudi kwenye jambo lenyewe. Kwa hesabu yangu zilibaki siku mbili za maua, labda tatu. Sampuli ilikuwa unga.

"Kesho nenda," mama mkwe alisema. "Lala huko kwa mdogo wangu. Alfajiri utalikuta limefumbua macho."

"Na mtoto?"

"Mimi nimezaa saba. Wewe una mmoja, na vitabu."

"Hajawahi kulala bila mimi, mama. Nitakamua maziwa, nitayaweka kwenye friji, utayapasha moto kwa maji…"

"Maziwa ya mtu? Kwenye friji? Jirani na samaki wa Mtera?"

"Nitamtoa samaki."

"Ee, mtoe. Asije mjukuu wangu akanukia perege."

Alicheka, nami nikacheka, lakini moyo haukutulia. Nitasema wazi kilichonisumbua. Nilitaka kwenda. Niliogopa ukubwa wa kutaka kwangu. Bibi yule aliondoka kwa sababu mtoto angekufa. Mimi ningeondoka kwa ajili ya rangi ya ua, na kama nisingeiona hakuna ambaye angekosa chakula. Nilijaribu kujiambia kwamba ni kitu kimoja, kwamba kazi yangu ndiyo kiazi cha mtoto wangu. Nilianza hata kumweleza mama mkwe hivyo, kwa sentensi ndefu. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Wewe unataka kwenda au hutaki?"

"Nataka."

"Basi sema hivyo, acha kumsingizia mtoto. Uondoke akiwa amelala, asikuone. Ndivyo tunavyofanya wote."

Ni kweli, ndivyo tunavyofanya wote. Mama yangu alinifanyia hivyo, na mimi mwenyewe kila asubuhi ya kwenda chuoni nilitoka kwa kunyata, viatu mkononi. Sijui kwa nini jioni ile niliuliza.

"Mama, yule mtoto wa njaa, mama yako. Aliwahi kusema kama anakumbuka zile siku tatu?"

Alimfuta mtoto pua kwa ncha ya kanga.

"Hakuwahi kusema. Alimpenda sana mama yake, alimzika kwa heshima. Ila alikuwa na kitu kimoja. Hakulala mchana. Hata siku moja, hata awe anaumwa. Na sisi tukisinzia karibu naye, anatugusa: amka, amka. Tulimtania, tukisema mama analinda kuku." Akaikunja ile ncha ya kanga. "Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka umeniuliza."

Uamuzi uliingia hapo, mzima, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Ningekwenda. Na nisingeondoka akiwa amelala.

Kulipopambazuka nilikuwa nimekwisha kukamua vikombe viwili, samaki amehamia kwa jirani, na mbao zimo kwenye begi pamoja na magazeti mapya. Mtoto alikuwa usingizini, mdomo wazi. Nilimwinua. Mama mkwe, aliyekuwa akichochea uji, aligeuka akashika kiuno.

"We! Unafanya nini? Si umwache alale!"

"Namwamsha, mama."

Nilimnyonyesha mpaka akashiba na usingizi ukamtoka machoni. Nikamnawisha uso kwa maji ya vuguvugu, nikamkalisha mapajani, uso kwa uso, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, jinsi ninavyozungumza na mtu mzima: ninakwenda Mpwapwa, kuna ua ninataka kuliona, nitalala huko usiku mmoja, kesho jioni nitakuwa hapa. Alinishika pua akacheka, akidhani ni mchezo. Nilipotundika begi begani alielewa. Kilio chake kilianza chini kabisa tumboni, kikapanda.

"Sasa umeona?" mama mkwe alisema, akimpokea. "Ungeondoka kwa amani." Lakini hakumrudisha ndani. Alinifuata naye hadi getini, akamwinua juu ya bega ili aone vizuri.

Nilipanda pikipiki ya kunipeleka stendi nikiwa nimejigeuza nyuma. Dereva alinionya kwamba nitaanguka. Nikamwambia aende taratibu, nikabaki hivyo hivyo, nikiwatazama, mpaka tulipokata kona.